Kazi ya Kuanguka: Habari za Watu wa Stanti katika Sinema



Katika kurasa hizi za Kiswahili wenzangu wamekwisha kuandika juu ya kazi ya udaktari, ualimu, uvuvi wa biashara na urubani. Mimi nimechagua kazi ambayo wengi wetu twaiona karibu kila juma katika vibanda vya video vya Kashikishi na Nchelenge, wala hatujui kama ni kazi. Ni kazi ya yule mtu aangukaye kutoka ghorofani, ashikaye moto, apindukaye pamoja na gari, ili mtu mwingine apate sifa. Naomba mnivumilie, maana ndani yake mna hesabu kidogo.

Kwanza jina. Watu wa Tanzania wamezoea kumwita mchezaji mkuu wa picha "steringi", na mpinzani wake "adui". Kila mtoto ajua kwamba steringi hafi. Lakini huyu ninayemwandika hana jina lililotulia katika Kiswahili, basi nitamwita mtu wa stanti, kwa kuwa ndivyo ulimi wetu unavyoligeuza neno la Kiingereza. Stanti ni tendo la hatari lililopangwa ili lipigwe picha. Tafadhali likumbukeni neno "lililopangwa", kwani bila hilo tendo lenyewe ni ajali tu.

Sababu ya kuwako kwa watu hawa ni ya biashara. Uso wa steringi una thamani. Akivunjika mguu, kazi yote yasimama, na mafundi wa taa, washonaji, wapishi na madereva wakaa bure huku mishahara yao yahesabiwa. Kwa hiyo hutafutwa mtu mwenye kimo kama chake na mabega kama yake, avikwe nguo zile zile na nywele za namna ile ile. Saa ya hatari ikifika, huyo huingia, akageuza uso upande. Kamera huona mgongo wake. Kisha steringi hurudi, akapakwa vumbi kidogo shavuni, akasimama palepale mwenzake alipoangukia.

Sisi watu wa Luapula tuna historia na jambo hili kuliko tunavyodhani. Babu yangu mzaa mama alikulia Luanshya katika miaka ya 1950, baba yake alipokuwa mchimbaji wa shaba katika mgodi wa Roan Antelope, kama walivyokuwa wanaume wengi waliotoka bonde letu kwenda Copperbelt. Huko makampuni ya migodi yalionyesha sinema kwa wafanyakazi na jamaa zao, na picha zilizopendwa kupita zote zilikuwa za makauboi. Watazamaji walimwita kila shujaa "Jeke", awe ni nani, nao walimpigia kelele Jeke ageuke nyuma kabla adui hajampiga. Vijana walivaa kofia pana, watoto wakachonga bastola za mti. Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, akaandika habari za mji ule, hata za sinema zake, katika kitabu chake Copper Town kilichotoka mwaka 1962.

Babu huniambia kwamba baada ya kila picha walibishana juma zima: je, Jeke alianguka kweli kutoka juu ya farasi, au sivyo? Wengine walisema ana dawa. Wengine walisema ni uongo mtupu wa Wazungu. Wote walikosea, maana kuanguka kulikuwa kweli. Aliyeanguka ndiye hakuwa Jeke.

Pengine aliyeanguka alikuwa Yakima Canutt. Huyu alizaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Washington, Marekani, akawa bingwa wa mashindano ya kupanda farasi wakali kabla ya kuingia katika sinema. Tendo lake lililosifiwa kupita yote limo katika picha iitwayo Stagecoach ya mwaka 1939, ambayo mwongozaji wake alikuwa John Ford. Gari la abiria linakokotwa na farasi wanaokimbia kwa nguvu zao zote. Canutt, amevaa kama shujaa wa Kiapache, aruka kutoka farasi wake na kutua juu ya farasi wa mbele wa gari. Apigwa risasi, aanguka katikati ya farasi, aburutwa chini akishikilia nguzo ya gari. Kisha aachilia. Kwato zapita kulia na kushoto, gari lote lapita juu yake, na mwisho wamwona ajiinua kidogo katika vumbi, ili mtazamaji ajue kwamba yule hakuwa mwanasesere.

Mkitazama picha hiyo, msitazame mruko; tazameni mikono. Alipoachilia nguzo aliikaza mikono na miguu pamoja na mwili, akawa kama gogo lililonyoka. Kiwiko kimoja kikitoka nje, gurudumu lakikanyaga. Nafasi baina ya farasi na farasi ilijulikana, na nafasi baina ya magurudumu ilijulikana vile vile. Kilichobaki ni mtu kuwa mwembamba kuliko nafasi yake, kwa muda wa nukta chache, bila kutikisika. Hiyo ndiyo kazi.

Canutt na rafiki yake John Wayne husifiwa pia kwa kutengeneza namna mpya ya kupigana ngumi katika picha. Hapo kwanza wachezaji walipigana mabegani, na mapigano yao yalionekana ya kitoto. Hawa wawili waliiweka kamera nyuma ya bega la mmoja, na ngumi ya mwingine ikapita mbele ya uso pasipo kuugusa. Kwa kuwa kamera haiwezi kupima umbali baina ya ngumi na shavu, mtazamaji aona ngumi imefika. Anayepigwa ndiye mwenye kazi kubwa, maana yeye ndiye atupaye kichwa kwa wakati wake. Sauti huongezwa baadaye. Nimejaribu na mwenzangu mbele ya simu yenye kamera, na kweli mara ya tano hivi hata sisi wenyewe tulidanganyika.

Lakini siyo kila jambo la zamani lilikuwa zuri. Ili farasi aanguke mbele ya kamera walimfunga waya miguuni, na waya ulipokwisha urefu wake farasi aligaagaa chini. Canutt mwenyewe aliitumia njia hiyo. Farasi wengi waliumia na wengine wakafa, hata njia hiyo ikaachwa, na farasi wakafundishwa kuanguka wenyewe mahali palipolainishwa. Mtu hukubali hatari kwa ujira, farasi hakuulizwa.

Sasa nafika kwenye hesabu. Nina sababu ya kuiandika hapa. Mwaka jana kijana mmoja wa kijiji cha ufukweni, nimjuaye vizuri, aliona katika video mtu akiruka kutoka paa la nyumba na kuondoka akikimbia. Akapanda paa la ghala, kama mita 4 kutoka chini, wadogo zake wakashika simu ili wampige picha. Walikuwa wamemwaga mchanga mahali pa kutua. Aliruka wima kama mkuki, magoti hakuyakunja, akavunjika mguu juu ya kifundo, na mtihani wa muhula ulimpita akiwa kitandani. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza, "Kaka, mbona yule wa kwenye picha hakuvunjika?" Swali lake ni jema, na jibu lake nimeliona katika kitabu cha fizikia.

Kitu kikianguka mita 5, chafika chini baada ya nukta moja kwa mwendo wa kilomita 36 hivi kwa saa. Kikianguka mita 10, mwendo wake ni kilomita 50 kwa saa, sawa na gari lipitalo barabara ya Kawambwa bila haraka. Kikianguka mita 20, ni kilomita 71. Mwendo huo hauui mtu. Twapanda mabasi yaendayo mbio kuliko hivyo, na twasinzia. Kinachoua ni kusimama, na hasa ni umbali ambao mtu amepewa wa kusimamia.

Kanuni yake ni nyepesi. Gawa urefu wa kuanguka kwa kina cha kusimama. Mtu akianguka mita 10 juu ya kitu kinachobonyea mita 2 sawasawa, kumi kugawa kwa mbili ni tano. Ongeza moja kwa uzito wake mwenyewe, na nguvu inayomsukuma wakati wa kusimama ni kama mara sita ya uzito wake. Ni nguvu kubwa, lakini mwili wa mtu mzima uliolala chali huivumilia kwa muda mfupi. Mtu huyo huyo akianguka juu ya ardhi ngumu, akasimama katika sentimita 5, kumi kugawa kwa sehemu hizo ni mia mbili. Hapo hakuna mfupa. Rafiki yetu aliruka mita 4. Mchanga wake, uliotandazwa juu ya ardhi ngumu, ulibonyea labda sentimita 10. Basi ni mara arubaini, na mzigo huo wote uliingia katika miguu miwili iliyonyoka.

Yule wa kwenye picha alikuwa na kitu ambacho kamera haikukionyesha. Zamani ilikuwa maboksi matupu ya karatasi ngumu, yamepangwa safu juu ya safu, yamefungwa pamoja kwa kamba, na magodoro yametandikwa juu. Boksi likipondeka hula nguvu kidogo, kisha la chini yake lapondeka, na la chini yake tena, mpaka mtu amesimama. Maboksi yangali yakitumika hata leo, maana ni rahisi na hayahitaji mashine. Kwa maanguko marefu umekuja mfuko mkubwa wa hewa, na Mmarekani Hal Needham alikuwa mmoja wa walioufanya uzoeleke katika kazi hii. Mfuko huo una matundu ubavuni. Mtu akiupiga, hewa hutoka matunduni na mfuko hunywea polepole. Usingalikuwa na matundu ungalimrusha mtu juu tena kama mpira, na huko arukako hakuna godoro. Atuaye hutua chali, kidevu amekikaza kifuani, kwa sababu mwili wa mtu hujikunja kwenda mbele. Akitua kwa tumbo, mgongo hukunjwa upande usiokunjika.

Tena ni lazima afike katikati. Ukiangalia kutoka ghorofa ya saba mfuko huonekana mdogo kama mkeka. Ndiyo maana huanza kuruka kutoka mita 3, wakapanda kidogo kidogo kwa miezi na miaka, kama mwogeleaji anavyoanza penye maji ya magotini.

Hapa kwetu Mwansabombwe tunao mfano wa jambo hili la kujizoeza. Kila mwaka mwezi wa Julai, watu kwa maelfu huja kutazama Mwata Kazembe akicheza Mutomboko, upanga mkononi na shoka mkononi. Mgeni aonaye mara ya kwanza hudhani kwamba mkono ule unaendeshwa na ghadhabu tu. Aliyeona mara nyingi ajua kwamba kila hatua ina mahali pake na ngoma yake, na kwamba chuma kile kinachopita hewani chajua kinakokwenda. Silinganishi heshima ya Mwata na mchezo wa sinema, hata kidogo. Nasema juu ya mkono tu, mkono uliofundishwa mpaka hatari ikawa lugha yake.

Moto nitaueleza kwa ufupi. Mtu huvaa nguo za ndani zilizoloweshwa katika jeli baridi, tabaka mbili au zaidi, na juu yake nguo zisizoshika moto, na juu kabisa nguo za mchezo. Kinachowaka ni mafuta yaliyopakwa nje. Huzuia pumzi, wala havuti hewa mpaka azimwe, kwa maana hewa ya moto huunguza mapafu hata kama ngozi ni salama. Wenziwe wamesimama nje ya picha na mitungi ya kuzimia moto na mablanketi yaliyolowa. Akilala chini, ndiyo ishara kwamba yatosha. Mchezo wote ni wa nukta chache tu.

Magari nayo yana hila zake. Katika picha ya James Bond iitwayo Casino Royale ya mwaka 2006, gari lilitakiwa kupinduka, lakini gari lenyewe lilikuwa imara mno, likakataa. Mafundi wakafunga chini yake mzinga wa hewa ya naitrojeni, ambao uliisukuma barabara kwa nguvu, na dereva wake Adam Kirley akabingirika mara saba, akatoka mzima. Hiyo ikaandikwa kuwa rekodi ya dunia.

Kwa upande wetu huu wa Afrika picha ya zamani ijulikanayo sana ni ile iliyochukua jina lake katika lugha yetu: Hatari! Ilitengenezwa Tanganyika, katika nchi za Arusha na Momela, ikatoka mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru wa nchi ile. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks, na steringi John Wayne. Hadithi yake ni ya watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya mahali pa kuwaonyesha wanyama Ulaya na Marekani. Hawks hakutaka wanyama waliofugwa. Walifukuza vifaru na twiga wa porini kwa magari, na Wayne mwenyewe alikaa katika kiti kilichofungwa ubavuni mwa gari, fimbo ndefu yenye kitanzi mkononi. Watengenezaji walijivuna kwamba wachezaji walifanya kazi hii wenyewe, na kweli nyuso zao zaonekana. Lakini mtazame tena, ndugu msomaji, wakati kifaru anapofungwa kamba. Kuna Waafrika wanaoruka kutoka garini na kumwendea mnyama kwa miguu. Hao ndio ningependa kuwajua majina.

Nimesema juu ya Marekani na juu ya wageni waliokuja kwetu. Sasa niseme juu ya wenyewe. Kampala, katika mtaa maskini uitwao Wakaliga, yupo mtu aitwaye Isaac Nabwana, ambaye mwaka 2005 alianzisha kampuni yake ya picha, Ramon Film Productions. Jina hilo limetokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Alipokuwa mtoto hakuziona picha za mapigano. Ndugu zake ndio waliokwenda kuzitazama, wakarudi wakamhadithia, na yeye akazitengeneza kichwani. Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali ili apate fedha, akajifundisha mwenyewe kuunganisha picha kwa kompyuta. Picha yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha ambazo husemwa hazikufika dola 200, nayo imetazamwa na mamilioni ya watu duniani kwa njia ya intaneti. Watu wamelipa kundi lile jina la Wakaliwood.

Mambo ya Wakaliga yanifurahisha kwa sababu kila kitu mnachokiona huko kimetengenezwa kwa mikono. Dauda Bisaso hufua bunduki za uongo kutoka vyuma chakavu, na hata umbo la helikopta ameliunda. Mwalimu wao wa kung fu, Bukenya Charles, ambaye watazamaji humwita Bruce U, hufundisha vijana na watoto kupiga teke, kubingirika na kuanguka. Hapo mwanzo walitumia damu ya ng'ombe ili mtu aliyepigwa risasi aonekane ametoka damu, lakini ilileta ugonjwa, wakaiacha, wakatumia rangi ya chakula. Picha zilipokamilika, wachezaji wenyewe walizipeleka mlango kwa mlango kuziuza katika diski, wakapata sehemu yao. Mwaka 2019 picha yao Crazy World ilionyeshwa katika tamasha kubwa la sinema la Toronto, Kanada.

Wengine huwacheka kwa sababu milipuko yao ni ya kompyuta na yaonekana wazi kuwa ya uongo. Mimi siwacheki. Mlipuko ni wa uongo, lakini mtu anayerushwa nao nyuma na kuanguka ameanguka kweli, na ameanguka kwa namna aliyofundishwa. Ninachokihofia ni kingine: kundi lisilo na fedha halina mfuko wa hewa wala gari la wagonjwa lililosimama kando, na siku bahati itakapokosekana gharama itakuwa ya mtu mwenyewe na mama yake.

Maana bahati hukosekana hata penye fedha nyingi. Mwaka 2009 Mwingereza David Holmes, aliyekuwa akishika nafasi ya Daniel Radcliffe katika picha za Harry Potter, alivutwa kwa waya nyuma kwa kasi wakati wa mazoezi, akagonga ukuta, akavunjika shingo, na tangu siku hiyo miguu yake haimtii. Mwaka 2015 Olivia Jackson alikuwa Afrika Kusini akifanya kazi katika mojawapo ya picha za Resident Evil. Alipanda pikipiki kwa kasi kuielekea kamera iliyokuwa katika mkono mrefu wa chuma juu ya gari. Mkono ule ulipaswa kuinuka apite chini yake. Uliinuka kwa kuchelewa. Alipoteza mkono wake wa kushoto, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba kulikuwa na uzembe. Tazameni vizuri: yeye hakukosea hata hatua moja. Mtu wa stanti ameweka maisha yake mikononi mwa dereva, fundi wa waya, na anayehesabu moja, mbili, tatu. Wanaosema kwamba kazi hii ni ya ujasiri wa mtu mmoja hawajaielewa.

Liko pia jambo la rangi, nasi hatuna budi kulisema. Kwa miaka mingi huko Hollywood, mchezaji mweusi alipotakiwa kuanguka, alitafutwa mtu mweupe, akapakwa rangi nyeusi usoni na mikononi, akaanguka badala yake, na ujira akauchukua. Mwaka 1967 watu weusi wa kazi hiyo waliunda chama chao, Black Stuntmen's Association, wakaanza kudai nafasi zao, hata mbele ya sheria. Walijifundisha wenyewe kwa wenyewe katika bustani, wakiruka juu ya magodoro yaliyotupwa. Wanawake nao walikuwa na kisa kama hicho, kwani wanaume waliovaa nywele za bandia walishika nafasi zao. Na wanawake waliunda chama chao mwaka ule ule wa 1967. Leo mtu kama Zoë Bell wa New Zealand, aliyeshika nafasi ya Uma Thurman katika Kill Bill, hujulikana kwa jina lake.

Je, kijana wa ziwa letu aweza kuingia katika kazi hii? Uingereza kuna daftari la watu wa stanti, na atakaye kuandikwa ni lazima awe ametimiza miaka 18 na aonyeshe ustadi kwa kipimo kilichowekwa katika michezo isiyopungua sita, iliyochaguliwa katika mafungu kama mapigano, kuanguka, kupanda farasi au kuendesha gari, sarakasi, na mambo ya majini. Wengi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuandikwa. Karibu na kwetu, Afrika Kusini ndiko kwenye kazi nyingi za namna hii. Namibia pia, mwaka 2012, walipiga picha ya Mad Max: Fury Road jangwani. Humo watu walipanda juu ya milingoti mirefu iliyofungwa katika magari yaendayo mbio, wakayumba kutoka gari hili hadi lile. Chini ya kila mlingoti uliwekwa uzito mkubwa wa kuusawazisha, ili uyumbe polepole na kurudi wenyewe. Ni ile nyenzo yetu ya Kidato cha Pili, hakuna ajabu nyingine.

Basi katika mambo yale ya Uingereza, vijana wa Nchelenge na Kashikishi wana moja mkononi tayari. Wanaogelea. Ila ziwani na mtoni mamba hafanyi mazoezi na mtu, kwa hiyo hata hilo lataka kipimo. Sarakasi na judo hazitaki fedha nyingi, zataka mwalimu na godoro. Farasi hatuna. Kuendesha gari hutaka gari. Na Kiingereza na hesabu hutolewa hapa shuleni, ijapokuwa wengine hulala wakati wa hesabu. Rafiki yangu wa mguu uliovunjika amepona sasa, naye angali anasema atakuwa mtu wa stanti. Sikumkataza. Nilimwomba anipigie hesabu ya kuanguka mita 6 juu ya maboksi yenye kina cha mita moja na nusu, akapata mara tano ya uzito wake, na ndivyo ilivyo.

Jambo la mwisho ni la sifa. Yakima Canutt alipewa tuzo ya Oscar ya heshima mwaka 1967, na Hal Needham mwaka 2012, lakini hizo zilikuwa zawadi za pekee kwa watu wazee. Katika orodha ya kila mwaka mna tuzo ya mavazi, ya rangi za uso, ya sauti. Ya stanti haikuwamo kwa karibu miaka mia. Mwezi wa Aprili 2025 chuo kile cha sinema cha Marekani kilitangaza kwamba itakuwako tuzo ya upangaji wa stanti, kuanzia na picha zitakazotoka mwaka 2027. Atakayeichukua ni mpangaji. Waangukaji wenyewe majina yao yamo mwishoni mwa kila picha, katika yale maandishi madogo yanayopanda juu wakati mwenye kibanda cha Kashikishi ananyosha mkono kuzima mashine. Mwambieni angoje kidogo.